Snow White haikuwa ya kwanza: jibu kwa mwalimu wa Tanga

SWALI: Naendesha klabu ya filamu shuleni kwetu Tanga. Niliwaambia wanafunzi kwamba filamu ndefu ya kwanza ya katuni duniani ni Snow White ya Walt Disney, mwaka 1937. Mmoja akabisha, akasema ni ya Argentina, 1917. Mwingine akasema hapana, ni ya Ujerumani, 1926. Kila mmoja anadai amesoma mahali. Nani yuko sahihi? Na hizo za zamani naweza kuwaonyesha?

JIBU: Mwalimu, salaam. Wanafunzi wako wote wawili wamesoma vizuri. Aliyetaja Argentina ndiye mwenye jibu la swali kama ulivyoliuliza. Aliyetaja Ujerumani amejibu swali la jirani yake, yaani ni ipi ya zamani kuliko zote ambayo bado ipo na mtu anaweza kukaa akaitazama. Ama Snow White, haikuwa ya kwanza hata ndani ya huo mwaka 1937. Hilo nitalifikia.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "ndefu". Taasisi za filamu za Marekani na Uingereza huihesabu filamu kuwa ndefu ikizidi dakika 40. Kwa hiyo Fantasmagorie ya Mfaransa Émile Cohl, ya mwaka 1908, ambayo haizidi dakika mbili, haiingii humu, wala yule dinosau Gertie wa Winsor McCay wa mwaka 1914. Hao ndio walioonyesha kwamba mchoro unaweza kutembea. Kuufanya utembee kwa zaidi ya saa nzima, watu wakalipa kiingilio na kukaa mpaka mwisho, ni kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo ilifanyika kwanza Buenos Aires.

Quirino Cristiani alizaliwa Italia mwaka 1896 na kupelekwa Argentina angali mtoto mdogo. Alikua akichora, na bado kijana alikuwa anauza vibonzo kwa magazeti ya Buenos Aires. Mtu aliyemwingiza kwenye sinema ni Federico Valle, Mwitaliano mwenzake, ambaye alikuwa na kampuni ya filamu za habari. Valle alitaka kibonzo cha kisiasa kitembee kwenye skrini ndani ya habari zake. Cristiani hakuwa amefundishwa kazi hiyo na mtu yeyote. Alipewa filamu za Cohl, akazichunguza picha moja baada ya nyingine mpaka akaelewa ujanja wake. Mwaka 1916 akatoa kibonzo kifupi, watu wakakipenda, na Valle akawaza makubwa zaidi.

Argentina ya wakati huo ilikuwa na la kusema. Sheria ya mwaka 1912 ilikuwa imewapa wanaume wote kura ya siri, na mwaka 1916 kura hiyo ikamweka madarakani Hipólito Yrigoyen. Alikuja na ahadi ya kuisafisha nchi na ufisadi, akiongea kwa lugha ya mtu aliyetumwa kuikomboa. Cristiani na Valle waliikamata lugha hiyo hiyo. Filamu wakaiita El Apóstol, yaani Mtume. Ndani yake Yrigoyen anaota amevaa mavazi ya mtume, anapanda mlima Olympus kwenye miungu ya Wagiriki na Warumi, anaomba radi za Jupita, kisha anazirusha Buenos Aires ili ziunguze ufisadi. Ufisadi unaungua kweli, lakini na mji wenyewe unateketea. Halafu anazinduka usingizini.

Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 9 Novemba 1917. Wanafunzi wako wanaodhani katuni ni kitu cha watoto uwaambie hivi: filamu ndefu ya kwanza ya katuni ilikuwa ni dhihaka ya kisiasa iliyotengenezwa kwa watu wazima, wapiga kura, dhidi ya rais aliyekuwa bado Ikulu.

Sasa namna ilivyotengenezwa. Sura za wahusika zilibuniwa na Diógenes Taborda, mchora vibonzo aliyekuwa na jina kubwa mjini. Michoro yake ilikuwa mizuri ikiwa gazetini, ila ilikuwa na mistari mingi mno kwa kazi ya kujongea, kwa hiyo Cristiani akairahisisha. Kisha hakuchora kila tendo upya. Alikata watu kwenye kadibodi, mkono peke yake, mguu peke yake, kichwa peke yake, akaviunganisha kwenye viungo, akalaza sanamu hiyo chini ya kamera. Unasogeza mkono kidogo, unapiga picha. Unasogeza tena, unapiga. Ufundi huo aliusajilia hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu. Kwa sehemu ya moto, Andrés Ducaud, mzaliwa wa Ufaransa, alijenga mfano mdogo wa majengo ya Buenos Aires ili yaungue mbele ya kamera.

Utakuta watu wanaandika kwamba filamu ile ilikuwa na "michoro 58,000". Nadhani ni sahihi zaidi kusema picha 58,000, maana kadibodi ileile ilipigwa mara nyingi ikiwa imesogezwa tu. Lakini idadi yenyewe ina mantiki, na ni hesabu nzuri ya darasani. Filamu ilipita kwa mwendo wa picha 14 kwa sekunde. Gawanya 58,000 kwa 14, utapata sekunde 4,143 hivi. Gawanya tena kwa 60, ni dakika 69. Ndiyo maana vitabu vinasema dakika 70. Kwa kipimo cha dakika 40, hapa hakuna ubishi.

Ubishi unakuja kwa sababu hakuna anayeweza kuitazama. Mwaka 1926 ghala la Valle liliungua na El Apóstol ikaenda na moto. Mikanda ya sinema ya zama zile ilikuwa ya nitrati ya selulosi, kitu ambacho kikishika moto hutoa oksijeni yake chenyewe, hata ukikimwagia maji kinaendelea kuwaka. Ghala la filamu lilikuwa ghala la baruti. Kilichobaki cha filamu ile ni habari za magazeti, michoro michache na ushuhuda wa waliokuwepo, akiwemo Cristiani mwenyewe.

Yaliyomkuta baada ya El Apóstol yananisikitisha kila ninapoyasoma. Mwaka 1918 alitoa filamu nyingine, Sin dejar rastros, juu ya kashfa iliyokuwa moto wakati huo. Balozi wa Ujerumani nchini Argentina, Luxburg, alikuwa ametuma simu za maandishi za siri kushauri meli za Argentina zizamishwe "bila kuacha alama", na jina la filamu limetoka hapo. Yrigoyen hakutaka nchi yake iingizwe vitani. Serikali ikaikamata filamu mara tu ilipoanza kuonyeshwa, na haikuonekana tena. Kisha akaja na Peludópolis, mwaka 1931, tena juu ya Yrigoyen, ambaye alikuwa amerudi madarakani na ambaye watu walimtania kwa jina la Peludo, mnyama wa kule mwenye magamba anayejificha shimoni. Cristiani akiwa katikati ya kazi, tarehe 6 Septemba 1930, jeshi likampindua rais. Mhusika mkuu wa dhihaka akawa ghafla mzee aliyeangushwa na kufungwa, na filamu ikabidi ibadilishwe njiani. Ilitoka ikiwa na sauti iliyorekodiwa kwenye santuri na kuchezwa sambamba na picha. Hivyo ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya katuni yenye sauti, miaka sita kabla ya Disney. Nayo ilipotea, kwa moto uliozuka kwenye studio ya Cristiani mwaka 1957 na tena 1961.

Filamu zake kubwa tatu zote hazipo. Ongeza kwamba dhihaka zake zilimhitaji mtazamaji awajue wanasiasa wa Buenos Aires kwa sura na kwa tabia, kwa hiyo hazikuwa bidhaa ya kuuzwa Paris au New York. Nje ya Argentina karibu hakuna aliyejua. Mwanahistoria wa Italia Giannalberto Bendazzi ndiye aliyemfuatilia mzee huyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuiandika habari yake. Cristiani alifariki mwaka 1984. Kwa hiyo vitabu vilivyochapwa kabla ya hapo kumtaja Disney si uongo wa makusudi, ni watu walioandika walichokiona. Wanaokiandika leo ndio hawana udhuru.

Sasa tuje kwa mwanafunzi wako wa Ujerumani. Filamu anayoisema ni Die Abenteuer des Prinzen Achmed, Visa vya Mwanamfalme Ahmed, na mwongozaji wake ni mwanamke, Lotte Reiniger, aliyezaliwa Berlin mwaka 1899. Filamu ndefu ya katuni ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani ni kazi ya mwanamke ambaye hakuwa ametimiza miaka 27 ilipoonyeshwa mara ya kwanza. Wasichana wa klabu yako walisikie hilo.

Reiniger alikuwa na kipaji kimoja cha ajabu: mkasi. Alikata watu, wanyama na miti kwenye karatasi nyeusi bila kuchora kwanza, na vikatwa hivyo vikitazamwa kwa mwanga wa nyuma vilikuwa vivuli vyenye uhai. Mwaka 1923 mwenye benki mmoja, Louis Hagen, akamwendea na pendekezo. Huo ni mwaka ambao pesa ya Ujerumani ilikuwa inaporomoka kila saa, na Hagen alikuwa amenunua shehena ya mikanda mitupu ya filamu ili mali yake isiyeyuke. Akamwuliza kama angeweza kutengeneza filamu ndefu. Akamjengea studio juu ya gereji karibu na nyumba yake Potsdam. Kazi ikachukua miaka mitatu, pamoja na mumewe Carl Koch aliyesimamia kamera, na wasanii Walter Ruttmann na Berthold Bartosch waliotengeneza mandhari, moshi, mawimbi na miujiza.

Nikueleze kikaragosi kimoja. Kimekatwa vipande, na vipande vimeunganishwa kwa waya mwembamba kwenye bega, kiwiko, kiganja, kiuno, goti. Sehemu nyingine ni kadibodi, nyingine ni bamba jembamba la risasi, ili kikilazwa kitulie na kisiteleze. Kinalala juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, na mandhari ni karatasi laini zilizopangwa tabaka kwa tabaka, nzito mahali pa giza, chache mahali pa mwanga. Kamera iko juu inatazama chini. Kwa wahusika wanaosogelea kamera alikata vikaragosi vikubwa zaidi, na kwa nyuso peke yake akakata vichwa vikubwa. Angalia mikono ya Pari Banu, yule binti mfalme. Hana macho wala mdomo wa kutazama, ni kivuli kitupu, lakini kwa mgeuko wa kiganja unajua anaona haya, anaogopa au anakataa. Sijaona katuni ya kompyuta inayoweza kusema mengi hivyo kwa kiganja.

Hadithi haitawapa shida wanafunzi wa pwani, kwa sababu ni Alfu Lela Ulela. Mchawi anamletea khalifa farasi anayeruka. Ahmed anampanda, hajaelezwa namna ya kushuka, farasi anazidi kupaa mpaka kwenye baridi kali. Anatua nchi za mbali, anaishia kwenye visiwa vya Wak-Wak, anamkuta Pari Banu akioga ziwani, manyoya yake ya kurukia yako pembeni. Hapa kuna jambo la kuwaambia watoto wa Tanga: al-Masudi, mwanajiografia Mwarabu wa karne ya 10, aliitaja Wak-Wak pamoja na Sofala, iliyo Msumbiji ya leo, mwisho wa nchi ya Wazanji. Nchi ile ya ajabu ya kwenye filamu ya Kijerumani iliwahi kuwekwa na wasafiri wa kale upande huu wetu wa bahari.

Kuna jambo jingine la kuzungumza nao kabla ya kuwasha projekta. Adui wa filamu anaitwa Mchawi wa Kiafrika. Jina hilo Reiniger amelirithi kutoka kisa cha Aladdin, ambako mchawi anatoka Afrika ya Kaskazini, lakini umbo alilolichora na namna anavyotembea ni vya kuogofya kwa makusudi, na watu wengine wa mataifa ya mbali nao wamechorwa kwa mazoea ya Ulaya ya miaka ya 1920. Usiyakate maeneo hayo. Waache wayaone, kisha wayajadili. Nao hao hao watafurahia pambano la mchawi huyo na Mama wa Mlima wa Moto, mchawi mwenzake anayemsaidia Ahmed, akigeuka simba mwenzake anageuka nyoka, akigeuka nge mwenzake anageuka jogoo, mpaka wanarushiana moto. Ni dakika chache, na kwangu ndizo bora kuliko zote katika katuni za zama za bila sauti.

Filamu ilionyeshwa Berlin Mei 1926, kisha Paris mwaka huohuo. Ina dakika 65 hivi. Nakala asili ya Ujerumani ilipotea kwenye vita vya Berlin mwaka 1945, lakini nakala moja ilikuwa imesalia London kwenye hazina ya British Film Institute, na kutoka hapo ndipo jumba la makumbusho ya filamu la Frankfurt likaifufua mwishoni mwa miaka ya 1990, pamoja na rangi zake. Maana haikuwa nyeusi na nyeupe tu. Kila sehemu ilitiwa rangi moja, buluu usiku, manjano ndani ya jumba, nyekundu kwenye moto. Tofauti ya Reiniger na Cristiani katika kumbukumbu za watu ni nakala moja iliyokuwa nchi nyingine moto ulipofika.

Kati ya hapo na Disney sitakaa sana. Mwaka 1935 Aleksandr Ptushko wa Urusi ya Kisovieti alitoa Gulliver Mpya, yenye mtu halisi mmoja mkuu na vikaragosi vidogo wapatao 3,000. Władysław Starewicz, Mpoland aliyehamia Ufaransa, alikuwa amemaliza kupiga picha za filamu ya vikaragosi juu ya Mbweha Renard, mjanja wa aina ya Sungura wa hadithi zetu, mnamo 1930, akakwama kwenye sauti kwa miaka. Ilionyeshwa Berlin Aprili 1937. Na ndugu wa familia ya Diehl, Wajerumani, wakatoa Kunguru Saba mwanzoni mwa Desemba 1937. Snow White ilionyeshwa kwanza Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937. Wiki chache zimeinyima hata nafasi ya mwisho iliyokuwa imebaki.

Hata hivyo usiwatoe wanafunzi wako na dharau kwa Disney, haitakuwa haki. Snow White ilikuwa filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa kwa seluloidi, yaani kila mkao wa mhusika unachorwa kwenye karatasi ya plastiki inayoona ndani, inalazwa juu ya mandhari iliyopakwa rangi mara moja. Njia hiyo Earl Hurd aliiombea hataza Marekani mwaka 1914, ila hakuna aliyewahi kuibeba kwa dakika 83. Ilikuwa pia ya kwanza ya katuni kuwa na rangi kamili mwanzo hadi mwisho. Iligharimu kama dola milioni 1.5, Hollywood ikawa inaiita upumbavu wa Disney, na ilipotoka ikawanyamazisha. Mwaka 1939 Disney alipewa tuzo ya heshima ya Oscar, sanamu moja ya kawaida na saba ndogo. Haya yote ni yake kwa haki. Kosa lako, Mwalimu, ni neno moja tu lililokosekana: ya kwanza ya seluloidi, au ya kwanza ya Marekani, au ya kwanza ya rangi kamili. Ukilitia neno hilo sentensi yako inasimama. Ukisema "ya kwanza" peke yake, jina ni El Apóstol.

Kuhusu kuwaonyesha: za Cristiani huwezi, hilo liko wazi. Ya Ahmed unaweza, na tafuta nakala iliyofufuliwa, yenye rangi na muziki wa Wolfgang Zeller ulioandikwa kwa ajili yake. Nakala za hovyo zinazozunguka zina picha zilizofifia na zimewekewa muziki wowote tu. Kwa kuwa ni filamu bila sauti, yenye maandishi machache katikati, usiwaache wanafunzi wasome kimya. Chagua mmoja mwenye ulimi, mpe maandishi hayo siku moja kabla ayaweke kwa Kiswahili, asimame pembeni ya skrini aisimulie kama wafanyavyo ma-DJ wa vibanda umiza. Igawe mara mbili: ina sehemu tano, simamisha baada ya ya pili au ya tatu.

Wiki inayofuata wape kadibodi, mkasi, waya na simu moja iliyofungwa imara juu ya meza. Picha 12 kwa sekunde zinatosha. Waambie watengeneze sekunde kumi za mtu anayepunga mkono, yaani picha 120, na simu isiguswe mpaka wamalize.